Mwaka Mmoja wa Bustani na Barua Iliyokaribia Kuchelewa

Kamati ya bustani ilikuwa na wiki nne za kuandaa sherehe ya kutimiza mwaka, na kikao chote cha kwanza kiliishia kwenye hema: likae wapi, liwe la viti vingapi, nani akae mbele. Nyasi hazikutajwa. Mkandarasi hakutajwa. Mama wa mihogo, anayeuza palepale bustanini, alitajwa mara moja tu, kwamba aambiwe asogee.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Bustani na watu wake ni wa kutunga, ili msomaji asipoteze muda kutafuta nani ni nani. Mji ni Mtwara, mwaka ni 2024, na majira, sheria na taratibu zilizomo ni za kweli. Nimekiandika kwa ajili ya watu watakaojikuta kwenye kamati kama hii, maana miji yetu inajengewa bustani sasa, na kila bustani itafikisha mwaka.

Mahali penyewe

Mtwara ni mji uliopimwa kabla haujajaa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza waliuchora kwa ajili ya mradi wao wa karanga: bandari ya kina kirefu, reli ya kwenda Nachingwea, barabara pana, viwanja vikubwa. Karanga zikagoma, mradi ukafutwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mji ukabaki na nafasi. Ndiyo maana hadi leo, ukizunguka Ligula na Shangani, unakuta maeneo ya wazi ambayo Dar es Salaam ilishayameza zamani.

Bustani yetu iliwekwa kwenye kipande kimoja cha namna hiyo, kisichofika ekari mbili, chenye miembe mitatu mikubwa. Kabla ya mradi, chini ya miembe hiyo wazee walicheza bao, madereva wa bodaboda walingojea abiria, na mama mmoja aliuza mihogo ya kukaanga na chachandu. Jioni alikuja kijana wa kahawa na kashata zake. Mradi ukaleta vijia vya pevingi, mabenchi ya zege, taa za sola, choo cha kulipia, tangi la maji, bembea, mtelezo wa bati, nyasi na safu mbili za miche. Miembe iliachwa, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote yaliyofanywa pale, ingawa haumo kwenye hotuba yoyote.

Kazi ilikabidhiwa tarehe 14 Oktoba 2023. Uzinduzi ulifanyika tarehe 28 Oktoba, wiki mbili baadaye, kwa sababu ratiba ya mgeni rasmi ilibadilika. Msomaji azishike tarehe hizi mbili. Mjini kila mtu aliikumbuka ya pili, yenye utepe na picha. Ya kwanza ilikuwa ndani ya faili, kwenye karatasi yenye sahihi tatu.

Mwaka ulivyokwenda

Miche ilipandwa siku ya uzinduzi, na wageni wakapigwa picha wakiwa na majembe. Yeyote aliyelima Mtwara angewaambia wasubiri. Kusini kuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili. Oktoba ardhi imekauka kabisa, na udongo wa pwani ni mchanga: maji unayomwaga asubuhi mchana huyaoni. Wiki ya kwanza lilikuja boza. Baada ya hapo ikabaki mipira ya kumwagilia kutoka kwenye tangi, na pampu ya tangi ilitaka umeme ambao hakuna aliyejua bili yake inalipwa na nani. Kufikia Krismasi safu moja karibu yote ilikuwa vijiti. Iliyopona ni miche michache ya miti ya mikungu upande wa choo, na ilipona kwa sababu bomba lilikuwa linavuja pale tangu mwanzo.

Mabenchi yalifuata mchoro, na mchoro haukufuata jua. Yako sita kwenye kijia kikuu, yote kwenye mwanga, na mchana hayakaliki. Wazee walirudi kwenye mizizi ya miembe yao na kete zao. Mtelezo wa bati unatazama magharibi. Mtoto anayeuparamia saa tisa mchana anashuka akilia, kwa hiyo watoto wakajipangia ratiba yao wenyewe, kuanzia saa kumi na moja. Hakuna aliyewaambia.

Mwezi wa Ramadhani, ulioangukia Machi na mwanzo wa Aprili, ndio ulioonyesha bustani ilikuwa inahitajika kiasi gani. Baada ya tarawehe familia nzima zilikuja na mikeka na chupa za chai, pakachangamka hadi saa nne, saa tano usiku. Choo kilikuwa kinafungwa saa kumi na mbili jioni, kama ratiba ya ofisi ilivyosema. Wanaume walijua pa kwenda. Wanawake na watoto walirudi nyumbani mapema, na ndiyo sababu ukipita pale saa nne usiku siku ya kawaida ungedhani bustani ni ya wanaume peke yao. Watu husema ni utamaduni wa pwani. Mimi nasema ni kufuli.

Baadhi ya taa zilizimika. Mei 4 kimbunga Hidaya kikaingia pwani ya Tanzania, mvua ikanyesha kusini kote, barabara ya Dar es Salaam ikakatika kwa upande wa Kilwa, na tawi la mwembe likaanguka juu ya kijia. Tangu hapo, kila kitu kibovu bustanini kilielezwa kwa neno moja: kimbunga.

Mapendekezo matatu

Kikao cha kwanza kilikuwa Jumamosi ya tarehe 28 Septemba 2024. Sherehe ilipangwa iwe tarehe 26 Oktoba. Kamati ilikuwa na watu tisa: mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mstaafu, afisa maendeleo ya jamii, wawakilishi wa mtaa, shehe wa msikiti wa jirani, kijana wa bodaboda, na karani mmoja mkimya aliyeazimwa kutoka ofisi ya ujenzi ili aandike kumbukumbu. Wauzaji hawakuwa na mwakilishi. Mlinzi wa choo naye hakuwemo.

Pendekezo la kwanza lilikuwa tamasha. Jukwaa kwenye nyasi, spika kubwa, msanii wa singeli kutoka Dar es Salaam, kiingilio getini. Halikuwa wazo la ovyo. Oktoba ni mwezi wa pesa Mtwara. Minada ya korosho inafunguliwa, na msimu ule mnada wa kwanza ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mji mzima ulikuwa unatafuta pa kufurahia. Lakini kamati ya kujitolea haina mamlaka ya kukusanya kiingilio kwenye eneo la umma. Tozo lazima iwe na sheria ndogo nyuma yake, na pesa ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali na kuingia kwenye akaunti ya halmashauri. Daftari la risiti la kununua dukani halitoshi, na kijana atakayesimama getini na mfuko wa pesa anaweza kujikuta anajieleza polisi. Kuna pia kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na kuna msikiti ng'ambo ya barabara. Shehe hakupinga muziki. Aliuliza tu, "Jukwaa litazimwa Magharibi, au tutakuwa tunashindana?" Hakujibiwa.

Na nyasi? Mwisho wa Oktoba nyasi za pale zinaishi kwa kudra. Umati wa kuruka juu yake kwa saa sita ungeacha mchanga, na mvua ilikuwa bado mwezi mzima.

Pendekezo la pili ndilo lililozaa mjadala wa hema: mgeni rasmi, viti vyenye vitambaa vyeupe, keki, jiwe la kumbukumbu, upandaji miti. Upandaji miti tena, Oktoba tena. Aliyelipendekeza alikuwa na nia njema, lakini uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa tarehe 27 Novemba, na ndani ya chumba kile kila aliyetaja mgeni wa heshima alitazamwa mara mbili. Mwenyekiti alijaribu kuuliza gharama, akaambiwa wafadhili watapatikana.

La tatu lililetwa na kijana wa bodaboda kwa sentensi moja: siku iwe kama Jumamosi nyingine, ila nzuri zaidi. Bao, michezo ya watoto, ngoma ya kina mama, pweza na mihogo. Lilichekwa kidogo. Likaandikwa kwenye kumbukumbu kama "mengineyo".

Kikao kikafungwa kwa kukubaliana kitu kimoja, kwamba siku mbili kabla ya sherehe wauzaji waondolewe ili pafanyiwe usafi.

Mama wa mihogo

Afisa maendeleo ya jamii ndiye aliyetumwa kuwaambia. Ni kijana, si mwenyeji, na alilifanya kwa adabu. Mama wa mihogo alimsikiliza hadi mwisho huku akigeuza mihogo.

"Mwanangu, mwaka mzima nafagia hapa mimi. Siku ya keki ndiyo mnaniambia nipishe?"

"Mama, si mimi. Ni itifaki."

"Basi hiyo itifaki ije ifagie."

Jibu hilo lilizunguka mji mzima. Ila nyuma ya utani kuna jambo ambalo kamati ilipaswa kulijua kwa macho. Bustani ina pembe nne. Mbili zina watu wa kudumu: mama mchana, kijana wa kahawa usiku. Hapo hakuna benchi lililovunjwa wala chupa. Pembe ya tatu ina choo na mlinzi wake. Ya nne haina mtu, na ndiko benchi lilikopasuliwa na waya wa taa ukakatwa. Muuzaji anayekaa sehemu moja kila siku ni mlinzi asiyelipwa. Anajua nani ni mtoto wa nani, na mtoto anajua kwamba anajulikana.

Unguja walilipitia jambo hili kwa ukubwa zaidi. Bustani ya Forodhani ilipofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, wauzaji wa vyakula vya usiku waliohamishwa wakati wa ujenzi walirudishwa kwa utaratibu. Waliokuwa wanataka bustani safi isiyo na moshi wa mishikaki walikuwepo. Leo hebu itoe Forodhani mishikaki yake uone kitakachobaki baada ya Isha.

Karani anafungua faili

Kikao cha pili, Oktoba 5, kingekwenda vilevile kama karani asingeomba dakika mbili. Alikuwa amekwenda kutafuta tarehe sahihi ya uzinduzi kwa ajili ya jiwe la kumbukumbu, akafungua faili la mradi, akakutana na hati ya makabidhiano.

Mikataba ya ujenzi wa umma huwa na kipindi cha matazamio, kwa kawaida miezi kumi na miwili. Ndani ya kipindi hicho, kasoro yoyote inayotokana na kazi mbaya au vifaa vibovu ni juu ya mkandarasi, airekebishe kwa pesa yake. Ili asitokomee, sehemu ya malipo yake huzuiwa. Mara nyingi nusu ya zuio hutolewa kazi ikipokelewa, na nusu inabaki hadi kipindi kiishe na ukaguzi wa mwisho ufanyike. Muda unahesabiwa tangu kazi ilipopokelewa. Utepe hauhesabiki.

Kwa hiyo mwaka wa bustani, ule wenye pesa ndani yake, ulikuwa unaisha tarehe 14 Oktoba. Siku tisa tangu kikao kile. Siku kumi na mbili kabla ya keki.

Hakuna orodha ya kasoro iliyokuwa imeandikwa. Kila aliyepita aliona pevingi zilizotitia karibu na choo, aliona taa zilizozimika, akaamini kuna mwingine aliyeripoti. Wajumbe wawili walisema waziwazi kwamba kuanza kudai sasa kutaharibu sherehe, maana mkandarasi alikuwa ameahidi kuchangia hema. Naona hapa ndipo kisa kizima kilipo. Mtu anayetakiwa kurekebisha kasoro alikuwa ageuke mfadhili wa sherehe ya kusifu kazi yake, kwa gharama ya hema moja. Hakuvunja sheria kwa kutoa ahadi hiyo, na huenda hakuwa na hila yoyote. Kamati ndiyo ingekuwa imejifunga mdomo.

Mwenyekiti aliahirisha habari ya hema. Akawapeleka wote bustanini, mchana, juani. Nusu saa kwenye yale mabenchi ilitosha.

Orodha haikuwa ngumu: pevingi zilizotitia, bomba linalovuja, taa sita, mlango wa choo usiofunga vizuri, boliti za bembea zilizolegea. Ugumu ulikuwa kwenye taa. Fundi wa mkandarasi alipopigiwa simu alijibu bila kufikiri kwamba ni kimbunga, na maafa ya asili hayako kwenye wajibu wake. Angeshinda hoja, kama si mlinzi wa choo.

Mlinzi wa choo ana daftari la shule ambamo huandika makusanyo ya kila siku. Hakuna aliyemwambia aandike kingine, lakini ni mtu wa kumbukumbu, na pembeni mwa ukurasa huweka mambo: mvua kubwa, harusi imepita, maji hakuna. Mwezi wa Machi, katikati ya Ramadhani, ameandika kwamba taa mbili za upande wa bembea hazijawaka. Aprili ameandika nne. Hidaya kilikuja Mei. Zilizobaki kuwa na utata ni mbili tu.

Lilikuwa na mengine daftari lile. Makusanyo yalionyesha siku zipi watu wanajaa, na kwamba mvua za Februari hazikuwafukuza watu kama ilivyodhaniwa. Katika mwaka mzima hayo ndiyo yalikuwa maandishi pekee ya matumizi ya bustani, na yaliandikwa na mtu ambaye hakualikwa kwenye kamati ya kuisherehekea.

Barua ilipelekwa kwa mhandisi wa mradi tarehe 9 Oktoba, ikiwa na picha, tarehe na nakala za kurasa za daftari. Mhandisi akaitoa kwa mkandarasi siku iliyofuata kama taarifa rasmi ya kasoro, ndani ya muda.

Siku yenyewe

Tarehe 26 ilikuja bila jukwaa. Hema lilikuwepo, dogo, la kukodi kwa michango, na likawekwa kwenye pevingi badala ya nyasi. Asubuhi kulikuwa na ukaguzi wa wazi: mhandisi na fundi wa mkandarasi walizunguka na orodha huku watu wakiwafuata. Sijawahi kuona ukaguzi wa namna hiyo ukitangazwa kama sehemu ya sherehe, na nilitegemea ungechosha. Watoto ndio waliofanya usichoshe, maana kila kasoro iliyosomwa walikimbilia kwenda kuionyesha.

Mchana palikuwa na mashindano ya bao chini ya mwembe, na yalichelewa kuisha kwa sababu wazee wawili waligombania kete moja na hakuna aliyethubutu kuwaamua. Kina mama wa mtaa walicheza sindimba jioni. Mama wa mihogo alikuwa mahali pake. Mihogo iliisha kabla ya alasiri, akatuma mtu sokoni. Mgeni rasmi alifika akiwa amechelewa, akakaa kwenye benchi la zege juani, akahama baada ya dakika chache kwenda kivulini na wengine. Hotuba yake ilikuwa fupi kuliko ilivyokuwa imeandikwa. Miti haikupandwa. Shehe aliondoka Magharibi na kukuta spika imeshazimwa.

Choo kilifunguliwa hadi saa tatu usiku kwa siku hiyo, na wanawake walikaa hadi saa tatu usiku.

Kilichopatikana na kilichobaki

Mkandarasi alirekebisha pevingi, bomba, mlango na taa nne. Taa mbili zilizobaki zililipiwa kwa namna nyingine, baada ya mabishano ambayo hayana mafunzo. Boliti za bembea alizikaza siku ileile ya ukaguzi, mbele ya watoto, jambo lililochukua chini ya saa moja baada ya kulegea kwa miezi.

Miche alikataa. Mkataba ulisema "kupanda", haukusema "kutunza", na mhandisi alikiri kwamba mkandarasi ana haki. Wanaoandaa zabuni za bustani wakae na sentensi hiyo. Barabara ukishaimwaga lami unaweza kuondoka. Mche ukiupanda ndiyo kwanza kazi imeanza. Mkataba wa bustani usiokuwa na kifungu cha kumwagilia na kubadilisha miche iliyokufa, angalau hadi mvua ya kwanza ipite, umenunua picha ya siku ya uzinduzi.

Kurekebishwa kwa bomba nako kulileta shida ambayo hakuna aliyeifikiria: ile mikungu ya upande wa choo ilikuwa inakunywa uvujaji huo. Mlinzi wa choo sasa anaimwagilia kwa ndoo, bila malipo ya ziada, na suala hilo limeletwa kwenye kamati kama ajenda.

Kamati imeongezwa wajumbe wawili, mwakilishi wa wauzaji na mlinzi huyo. Imeamua pia kwamba mwaka wa pili utakuwa na siku mbili tofauti. Oktoba kutakuwa na ukaguzi tu, bila keki. Upandaji miti na sherehe vitahamia Januari, mvua zikiwa zimekolea, na miche itakayopandwa ni mikungu na miarobaini kutoka kitalu cha jirani, kwa sababu ndiyo inayojulikana kuvumilia mchanga na chumvi ya pale. Kuna wanaolalamika kwamba Januari watu hawana pesa, ada za shule zimewamaliza. Ni kweli, na hakuna kiingilio.

Saa za choo bado zinajadiliwa. Kufungua hadi saa tatu kila siku kunahitaji mlinzi wa pili, na mlinzi wa pili anahitaji mshahara ambao makusanyo ya choo hayautoshi. Kijana wa kahawa amejitolea kushika ufunguo jioni kwa kuwa yupo pale hata hivyo. Ofisi inasema hawezi kukusanya pesa ya serikali bila kuajiriwa. Mwenyekiti amependekeza jioni choo kiwe cha bure. Hoja hiyo itaamuliwa kikao kijacho.